Bunia: Mubirizi si chanjo, wala antibiotiki si chakula cha kuku

Mfugaji wa Shari, mjini Bunia, anayewapa kuku wake tetrasaiklini ili kutibu Newcastle anapoteza franga bure: ugonjwa huo unaletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Mbaya zaidi, vijidudu vingine vinaizoea dawa hiyo, ambayo hutibu watu pia.

Umoja wa Ulaya ulikataza kunenepesha mifugo kwa antibiotiki tangu 2006. Kitunguu saumu na majani ya mubirizi hutumiwa kulinda matumbo ya mifugo, lakini havichukui nafasi ya chanjo.

Serikali ya mkoa ilete chanjo na daktari wa mifugo karibu na wafugaji. Wafugaji nao waache kununua antibiotiki bila kuandikiwa. La sivyo, kesho mtoto mgonjwa atapewa dawa isiyomponya tena.