Zilizala Haiko Mbali Kama Tunavyodhani

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, baada ya saa mbili, nilikuwa nimeketi na jamaa zangu hapa Mombasa. Mara vikombe vikaanza kugongana kabatini. Mama akavuta uradi. Sisi wengine tukatazamana, hakuna aliyejua la kufanya. Kabla hatujasimama, ikatulia.

Ile zilizala ilikuwa ya kipimo cha takriban 6, na chanzo chake kilikuwa chini ya bahari, kusini mashariki ya Dar es Salaam. Tumezoea kuambiwa kuwa mitetemeko ni ya Bonde la Ufa, huko bara. Lakini sakafu ya bahari yetu nayo ina nyufa zake, na usiku ule zilijitambulisha.

Tulisalimika, tukasahau. Wenzetu wa Bukoba hawana ruhusa ya kusahau. Septemba 2016 walipigwa na tetemeko la 5.9, pungufu kidogo ya lile letu, lakini lilitokea karibu na makazi ya watu. Zaidi ya watu 15 walifariki na maelfu ya nyumba zikaharibika. Ardhi hutikisa tu. Kinachoua ni ukuta uliojengwa vibaya.

Sasa tutazame mitaa yetu. Nyumba iliyowekewa msingi wa ghorofa mbili inaongezwa ya tatu, kisha ya nne, kwa sababu kodi ni tamu. Simiti inapunguzwa, vyuma vinapunguzwa, na mkaguzi haonekani. Majumba mengine huporomoka hata pasipo tetemeko. Je, siku ardhi ikitikisika kweli?

Na bahari pia. Tsunami ya Desemba 2004 ilitoka Sumatra, ikachukua saa kadhaa kufika kwetu. Ikitokea karibu, muda huo hatutaupata. Mtoto wa Pwani afunzwe shuleni na madrasani: ardhi ikitikisika kwa nguvu, au maji yakirudi nyuma ghafla, usiende kuokota samaki, kimbilia juu.

Kudra ni ya Mungu, sikatai. Lakini kupunguza vyuma si kudra, ni mkono wa mtu. Kaunti ikague majumba yaliyopo, na mpangaji aulize kabla hajalipa kodi: msingi huu ulichimbwa kubeba ghorofa ngapi?