Wanataja kifungu 40, wanasahau kifungu 41

Kila mara habari za mashoga zinaingia mu redio, jibu ni lile lile: Katiba inakataza. Mu kambi, mu bisi ya wafanyakazi, inje ya kanisa, mtu atataja kifungu 40 hata kama hajakisoma. Sisi tumekisoma. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema pale kwamba kila mtu ana haki ya kufunga ndoa na mtu anayemchagua, wa jinsia ingine. Ni kifungu cha ndoa na jamaa. Juu ya kijana wa miaka 15 mwenye iko bado ku masomo, na ameanza kujiona haiko kama wenzake, hakisemi neno.

Neno liko mu kifungu chenye kinafuata. Kifungu 41 kinasema mtoto ni kila mtu mwenye hajatimiza miaka 18. Kinakataza kumtupa, kumtesa, na kumsingizia uchawi, na kinawapa wazazi mzigo wa kumtunza. Hakuna mahali kimeandika “isipokuwa”. Na tuongeze hii: miswada ya kuadhibu mapenzi ya watu wa jinsia moja ilipelekwa mu Bunge mwaka 2010 na 2013, haikupita.

Tumeanzia ku sheria juu mabishano yanaanziaga pale. Lakini chenye kinatusumbua ni watoto wenye wanakufa.

Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linahesabu watu zaidi ya 720.000 wenye wanajiua kila mwaka. Kwa vijana wa miaka 15 mpaka 29, ni sababu ya tatu ya kifo. Na mu inchi nyingi zenye wachunguzi waliuliza vijana wenyewe, kijana mwenye anapenda wa jinsia yake, ao mwenye anajisikia si mvulana ao si binti kama vile watu wanamuita, anajaribu kujiua mara nyingi kupita wenzake. Hapa kwetu kifo cha namna hii kinafichwa. Watasema ni malaria, ni tumbo, ni mkono wa jirani.

Wengine watajibu: munaona, ni ugonjwa wenyewe unawaua. Hapana. OMS ilitoa mapenzi ya watu wa jinsia moja mu liste ya magonjwa tangu 1990. Kule California, Caitlin Ryan na wenzake waliuliza vijana 224 na wakatoa matokeo mwaka 2009: wale wenye walikataliwa sana na jamaa walikuwa wamejaribu kujiua mara 8 zaidi kuliko wale wenye hawakukataliwa, ao walikataliwa kidogo tu. Vijana ni wa namna moja. Tofauti ilikuwa ku nyumba. California haiko Kolwezi, tunajua. Lakini mlango wenye unafungwa usiku nyuma ya mtoto, sauti yake ni moja kila mahali.

Mu kambi ukuta wa nyumba mbili ni moja, jirani anasikia yote. Papa anaogopa kicheko cha ekipe yake kuliko kitu kingine, na kicheko kile tunakijua, ni kikali. Basi anasema: “Toka, umetuletea haya.” Mtoto analala kwa rafiki siku tatu, kisha anaishia ku machimbo, kuosha mawe na kubeba mifuko kati ya wakubwa wenye hawamjui. Wengine wanapelekwa kuombewa, wanafungishwa chakula, wanapigwa ili pepo atoke. Hatusemi watu waache kuomba. Ryan mwenyewe anatumika na jamaa za dini kali, na hawaombi kuacha imani yao. Anawaomba kuacha fimbo, matusi na kufukuza.

Papa na mama, angalieni mtoto mwenye analala hovyo, anaacha kula, anagawa vitu vyake, anasema “hamutaniona tena”. Muulizeni wazi: “Unawaza kujiua?” Neno hili linaogopesha, lakini kuuliza hakumpandii mtoto wazo, waganga wanasema mara nyingi kunamfungulia kinywa. Akijibu ndiyo, musimuache peke yake hata saa moja. Dawa na sumu ya panya zitoke mu nyumba siku ile ile. Asubuhi mumupeleke ku kituo cha afya. Mu Lubumbashi kuko pia lopitalo ya magonjwa ya akili, Centre Joseph Guislain. Munganga hana lazima ya kujua anapenda nani ili kumsaidia asife.

Na kama papa iko ku kazi ya usiku, mama asikeshe peke yake. Aite shangazi ao mkubwa mwingine mwenye mtoto anamuamini, lakini amuulize mtoto kwanza kama anakubali mtu yule ajue.