Bomba la Jikoni: Kulificha na Kulifikia

Mama mmoja, msomaji wetu wa Mombasa, ametuletea swali ambalo hatukulitazamia katika ukurasa huu. Jikoni kwake kumetiwa kile chombo cha umeme kivutacho moshi juu ya jiko la gesi, na bomba lake la bati limepita wazi juu ya makabati mpaka dirishani. Asema kila mgeni aingiaye hulitazama bomba kabla ya kumtazama yeye. Ataka njia ya kulificha bila ya kubomoa ukuta. Wako watakaodhani kuwa swali hili ni la majivuno, wala sisi hatuwaungi mkono. Mtu akaaye jikoni saa nne au tano kila siku ana haki ya kuwa na mahali papendezapo macho yake.

Lakini kabla ya kumjibu, yatupasa tukiri jambo letu wenyewe, kwani sisi nasi tulilificha bomba, tena tukalificha vizuri mno.

Tulipohamia nyumba tuliyo nayo sasa, mwaka 2022, wanetu walitununulia kivuta-moshi kwa ajili ya mama yao, ambaye kifua chake si kizuri tangu ujana na moshi wa mafuta humkaba. Fundi aliyeifanya kazi ile, ambaye hatumtaji, alilipandisha bomba ndani ya kasha la mbao za jipsamu, likaingia darini likapotea. Kasha likapakwa rangi moja na ukuta. Kila aliyeingia alisifu, na sisi, Mungu atusamehe, tulianza kuwapitisha wageni jikoni hata wasiokuwa na haja ya kupita huko.

Siku ya tatu mama wa nyumbani alituambia, "Maalim, chombo hiki chavuma tu, moshi hakivuti." Tukamjibu kuwa ndivyo vilivyo vyombo vipya. Baada ya mwezi akarudia maneno yale yale, na usiku alikuwa akikohoa. Tukamnunulia asali.

Ikaja Ramadhani ya mwaka 2023, na kila alasiri sambusa, bajia na kaimati zikikaangwa. Baada ya Idi lilionekana dari la jikoni lina doa la rangi ya chai ya mkandaa. Masika yalikuwa yamekwisha anza, basi tukasema paa lavuja. Aliitwa fundi wa paa, akapanda, akabadilisha mabati mawili, akalipwa, akaenda zake. Doa likazidi. Mwishowe alikuja kutuamkia kijana aliyepata kusoma chuoni kwetu, ambaye leo ni fundi wa mabomba ya hewa katika mahoteli. Alilitia doa kidole, akanusa, akasema, "Maalim, hii si mvua. Hii ni vitunguu."

Alipolikata dari tuliona lililofichwa. Bomba lilikuwa limeishia mle mle darini, mkono mmoja kabla ya kuufikia ukuta wa nje, wala ukuta haukutobolewa kabisa. Mdomo wake ulielekea boriti ya mbao, na boriti ile ilikuwa nyeusi kwa mafuta yaliyoshika vumbi, na waya wa taa umepita juu yake. Kwa miezi mingi tulikuwa tukiyavuta mafuta ya kukaangia kutoka jikoni na kuyapaka mbao za nyumba yetu wenyewe karibu na umeme. Moshi uliobaki ulirudi chini kwa upenyo wa taa, ukaingia katika kifua cha yule aliyetuambia siku ya tatu.

Basi twamwambia mama wa Mombasa na wengine wenye nia kama yake: kabla ya kuuliza bomba lifichwe vipi, mwulizeni fundi linatokea wapi, mtoke naye nje awaonyeshe mdomo wake kwa kidole. Washeni chombo, mmoja wenu asimame nje aweke mkono mbele ya mdomo ule. Asipouona upepo, msikubali hata msumari mmoja wa kasha upigiliwe. Viko vivuta-moshi visivyo na bomba, ambavyo huchuja moshi kwa mkaa maalumu na kuirudisha hewa jikoni. Hivyo havina cha kufichwa, lakini mkaa wao hupunguza harufu tu, mvuke na joto hubaki, nao wataka kubadilishwa kila baada ya miezi michache.

Kijana wetu alitueleza mambo ambayo sisi hatukuyajua, na twayaandika kama tulivyoyafahamu. Feni ya chombo hiki ni ndogo, nguvu zake ni za kupimwa. Bomba la milimita 150, yaani inchi 6, lina nafasi ya ndani zaidi ya mara mbili ya lile la milimita 100, ijapokuwa kwa macho tofauti yaonekana ndogo. Wengi hulipunguza bomba ili kasha liwe jembamba, na hapo chombo huanza kupiga kelele kama mtu apuliziaye mrija. Kila kiwiko nacho hula nguvu: kiwiko kimoja cha kona kali huizuia hewa kuliko mita nzima ya bomba lililonyooka. Aidha, lile bomba la mikunjo lipindikalo kama nyoka, ambalo mafundi hulipenda kwa wepesi wake, hukusanya mafuta katika kila mkunjo, na mafuta hayo, siku moto unaporuka kutoka karaini, huwa ni kuni. Bati lililo laini ndani ndilo bora. Viungo vyake vifungwe kwa utepe wa alumini, kwani ule wa kitambaa gundi yake huachia kwa joto. Bomba nalo liinamie nje kidogo, ili maji ya mvuke yasirudi juu ya jiko.

Wazee wetu hawakusumbuka na haya. Waliojenga majumba ya mawe ya Lamu, mji ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, aghalabu waliliweka jiko juu kabisa ya nyumba, chini ya makuti, moshi na joto vikaenda zao bila ya kuulizwa. Kwingineko pwani jiko lilikaa uani. Sisi tumelileta jiko ndani, karibu na sebule, tukafunga madirisha kwa vioo, ndipo tukawa na haja ya bomba. Na hata penye bomba, dirisha au mlango wahitaji kuachwa wazi kidogo chombo kinapofanya kazi, maana hewa haitoki mahali ambapo nyingine haiingii.

Liko tena jambo la upande wa nje, na hapo pia tuliteleza. Baada ya ukuta kutobolewa, bomba letu lilitokea kichochoroni, mkabala na kamba ya jirani ya kuanikia nguo. Wiki mbili hazikupita, jirani akaja na shuka iliyokunjwa vizuri. "Shikamoo Maalim," akasema. "Shuka hii yanuka bajia zenu, na bajia zenyewe hatujaletewa." Tulicheka sote, lakini usiku ule hatukulala vema. Mwashi mmoja wa Tunis wa karne ya 14, Ibn al-Rami, aliandika kitabu kizima juu ya hukumu za majengo, na moshi ni katika madhara aliyoyazungumza baina ya jirani na jirani. Sisi tuliokuwa tukiwasomesha watoto haki za jirani kila Alhamisi tulikuwa twamfukiza jirani kila alasiri. Bomba tukalipandisha ukutani likapita juu ya upenu, likavishwa kofia ya bati, na bajia zikapelekwa.

Mwenye kuchagua upande autazame na upepo. Mdomo uliokabiliana na kusi moja kwa moja hurudishiwa moshi miezi mingi ya mwaka, isipokuwa umetiwa kile kibati chepesi kifungukacho kwa kwenda nje tu. Wavu wa kuzuia ndege usiwe wa matundu madogo mno, kwani huziba kwa mafuta.

Sasa tumjibu mama wetu. Maadam bomba lake limepita juu ya makabati, hana haja ya kasha la jipsamu. Na atafute seremala ainue nyuso za makabati mpaka darini kwa milango mifupi ya bawaba, ifananayo na ile ya chini. Bomba litakaa nyuma yake kimya, na siku ya haja mlango hufunguliwa tu. Ikiwa nafasi baina ya kabati na dari haifiki sentimita 17, liko bomba bapa la milimita 220 kwa 90 ambalo hupitisha hewa sawa na la mviringo la 150; likae katika sentimita 12 bila ya taabu. Sahani za biriani zisiwekwe humo, wala mifuko ya plastiki. Dirishani, kioo kimoja kitolewe na badala yake kitiwe bati lililokatwa tundu kwa kipimo cha bomba, lipakwe rangi ya fremu. Kwa mbali halionekani.

Aliye na bomba linalopanda wima na ataka kasha, na alijenge kwa fremu ya chuma chembamba na jipsamu, si mbao za plaiwudi, na upande mmoja ufungwe kwa skurubu. Machujio ya chini ya chombo yaoshwe kila mwezi kwa maji ya moto na sabuni, na katika Ramadhani kila wiki. Ndani ya bomba patazamwe mara moja kwa mwaka. Kwetu tumeuchagua mwezi wa Shaabani, kabla karai halijaanza kazi.

Rangi na iwe ya mafuta, ipangusikayo. Kasha letu jipya lina skurubu sita mbele, zaonekana waziwazi. Kijana wetu alitaka kuzifunika kwa lipu, na mama wa nyumbani akamkataza.