Ukienda Arusha kuona Bunge, usirudi na selfi pekee

Kama chuo chenu kinapanga ziara ya kwenda Arusha kuona Bunge la Afrika Mashariki, lile tunaloliita EALA, nina ombi moja kabla hujalipa pesa za basi: nenda na swali. Moja tu linatosha, bora liwe linakuhusu.

Nasema hivi kwa sababu ziara hizi nazijua. Nilienda nikiwa mwaka wa pili. Tulitoka Nairobi alfajiri, tukaimba hadi Namanga, tukafika, tukakaa kwenye viti vya wageni, tukasikiliza hotuba, tukapiga picha kando ya bendera. Jioni tukakimbilia sokoni kununua shuka za Kimaasai (ati kana kwamba Nairobi hazipo). Niliporudi nyumbani mama akaniuliza, "Sasa hao watu hufanya nini huko?" Nikacheka tu. Jibu sikuwa nalo.

Na somo lenyewe huanzia Namanga, ila hatukuliona. Siku hizi ukifika pale, afisa wa Kenya na wa Tanzania wanakuhudumia ndani ya jengo moja. Zamani ulipanga foleni upande huu, ukavuka, ukapanga nyingine. Kituo hicho cha pamoja kilifunguliwa rasmi 2018, na sheria inayomruhusu afisa wa nchi moja kufanya kazi katika ardhi ya nyingine ilipitia kwa wabunge hao hao unaoenda kuwatazama. Lakini ona hili pia: ungekuwa unaenda Kampala au Kigali, kitambulisho chako kingetosha. Hayo yalikuwa makubaliano ya Kenya, Uganda na Rwanda peke yao. Kwenda Arusha, makao makuu ya Jumuiya yenyewe, unatafuta pasipoti au kibali cha muda. Hapo tayari una swali.

Lingine ni hili: walifikaje pale? Wewe hukuwapigia kura. Kila nchi huchagua wabunge tisa, iwe Burundi ndogo au Kongo kubwa. Kulingana na Ibara ya 50 ya Mkataba wa Jumuiya, huchaguliwa na bunge la taifa, lakini wao wenyewe wasiwe wabunge wa bunge hilo. Tena kadiri inavyowezekana wawakilishe vyama vilivyomo, maoni mbalimbali, jinsia na makundi maalum.

Ibara hii imewahi kutuaibisha Wakenya. Mwaka wa 2006 majina yetu tisa yalitoka kwa vyama yakapelekwa Arusha bila wabunge kupiga kura. Profesa Anyang' Nyong'o na wenzake wakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki, ikazuia tisa hao kuapishwa. Machi 2007 ikaamua kwamba huo haukuwa uchaguzi. Halafu 2017, bunge zima likakosa kuanza kwa miezi kadhaa kwa sababu sisi hatukuwa tumechagua watu wetu. Kwa hivyo mbunge akikwambia anawakilisha vijana, muulize kwa upole ni vijana gani walioshiriki kumteua. Si utovu wa adabu. Analipwa ajibu.

Kisha kuna suala la nguvu, na hapa ndipo wanafunzi wengi huchanganyikiwa. Tumezoea kwamba bunge likipitisha, rais anatia saini, mambo yakaisha. Kule marais wote wa nchi wanachama lazima wakubali. Mmoja akikataa, mswada unarudishwa. Ukipelekwa tena akakataa, umekufa. Kumbuka hili unapolalamika kwamba EALA hailali na hailindi.

Chukua mfano ulio karibu na mfuko wako. Wengi wetu tunauza nguo na viatu mtandaoni, vingine tumeagiza nje. Sheria ya forodha inayotumika bandarini Mombasa si ya Nairobi. Ni ya Afrika Mashariki, ya mwaka wa 2004, na ilipita EALA. Lakini viwango vya ushuru vyenyewe huamuliwa na baraza la mawaziri wa Jumuiya. Mawaziri ndio walioamua kiwango cha juu kiwe asilimia 35 kuanzia Julai 2022 kwa baadhi ya bidhaa, zikiwemo nguo na fanicha. Ungemuuliza mbunge wako wa EALA: nyinyi mlisema nini siku hiyo? Hilo swali lina thamani kuliko picha hamsini za bendera.

Si lazima mwende Arusha kila mara. Bunge hili hukaa kwa zamu katika nchi wanachama, Nairobi ikiwemo, na siku likija kwetu nauli ni ya matatu tu. Ila popote mtakapokutana nalo, mwambie mhadhiri wenu aandike barua mapema kwa wale Wakenya tisa, aombe nusu saa ya maswali bila hotuba yoyote. Sisi hatukuomba. Mmoja wao alitupita kwenye korido, akatupungia mkono, nasi tukampungia, akaingia kwenye lifti.