Usimdai mteja mkono wa pili

Wafanyabiashara wenzangu, leo tuongelee zile picha za orodha ya bei. Mnazijua. Bidhaa 20 kwenye picha moja, saizi, rangi, bei, namba ya simu, vyote humo humo, maandishi kama sisimizi. Mimi nasema picha hizo zinatufukuzia wateja, na sababu iko mikononi mwao.

Nauza viatu vya watoto. Wateja wangu wengi ni akina mama, na mkono mmoja una mtoto. Simu iko kwenye mkono uliobaki, kinachofanya kazi ni kidole gumba peke yake. Kinaweza kuperuzi, kulaiki, kubonyeza linki. Kuzumu posti ya Instagram hakiwezi! Kuzumu huko kunataka vidole viwili, na hapo ndipo mkono wa pili unapodaiwa. Tena ukiizumu, ukiachia tu picha inarudi ndogo. Kwa hiyo mama amweke mtoto chini, abanie picha kwa vidole, asome bei, halafu akariri namba ya simu kwa sababu iko ndani ya picha na haibonyezeki. Jamani.

Na siyo akina mama tu. Mwaka 2013 Steven Hoober alichapisha matokeo ya kuwatazama watu 1,333 wakiwa na simu zao. Kati ya waliokuwa wanagusa skrini, 49% walitumia mkono mmoja tu. Na simu za leo zimekuwa kubwa zaidi, gumba linazidi kuhangaika.

Wapo watakaosema mteja mwenye nia atazumu tu. Kweli, mwenye nia atazumu. Ila yule aliyekuwa anapita zake, akakipenda kiatu, nia yake ni ya sekunde chache. Na huyo ndiye anayenilipia kodi ya fremu.

Bei na saizi ziandike kwenye maelezo ya posti, mstari wa kwanza kabisa, kabla Instagram haijayakata. Picha moja, bidhaa moja. Namba iwe linki ya wa.me, inaanza na 255, bila alama ya kujumlisha. Instagram iweke kwenye wasifu, maana ndani ya maelezo haibonyezeki. WhatsApp Business inakuruhusu kutengeneza linki yenye ujumbe tayari, mfano "Habari, nataka kiatu cha mtoto namba..." Mteja anajaza namba, anatuma. Gumba moja limemaliza.

Orodha ndefu nayo ina mahali pake: mteja wa jumla aliyekaa mezani na daftari, huyo mtumie.

Tatizo jingine ni wanaotutengenezea matangazo. Wanayachora kwenye kompyuta, skrini kubwa, kila kitu kinasomeka. Akikutumia kazi, kabla hujamlipa ifungue kwenye simu yako, mkono mmoja tu, ule mwingine weka mfukoni.