Hati Ikishatumwa, Isidaiwe Tena

Pamba ndiyo uti wa mgongo wa Mkoa wa Simiyu. Lakini kinu cha kuchambulia pamba huhitaji vipuri, na vipuri vingi hutoka ng'ambo kupitia bandari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bariadi. Kipuri kikikwama bandarini, gharama za kukihifadhi huongezeka kila siku, kinu husimama, na mwisho wa yote anayeumia ni mkulima.

Kwa hiyo mfumo wa forodha wa TANCIS, ulioanzishwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania mwaka 2014, unastahili pongezi. Kwa mfumo huo wakala wa forodha hupeleka ankara, hati ya shehena na tamko la bidhaa kwa kompyuta, hata kabla meli haijatia nanga.

Hata hivyo, mashine haiondoi urasimu ikiwa mtumishi mwenyewe hajakubali kuuacha. Pale ambapo hati iliyokwisha kutumwa kwa kompyuta hudaiwa tena kwa karatasi yenye mhuri, mwananchi hubebeshwa kazi mbili badala ya moja. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua kumbukumbu na saini za namna hiyo. Wapo wasemao kuwa karatasi ni kinga dhidi ya ulaghai. La hasha! Karatasi hughushiwa, kompyuta hutunza kumbukumbu ya nani aliigusa hati, na saa ngapi.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaifahamu adha hii kwa sura nyingine. Ushuru wa forodha ni jambo la Muungano, lakini malalamiko ya bidhaa kukadiriwa Zanzibar, kisha kukadiriwa tena zivushwapo Bara, ni ya miaka mingi. Kumbukumbu moja ikisomwa na maofisa wa pande zote mbili, mfanyabiashara mwaminifu atapata nafuu, na mdanganyifu hatakuwa na pa kujificha.

Tunatoa mwito kwa wahusika. Kilichotumwa kwa kompyuta kisidaiwe kwa karatasi. Utaratibu wa kufuata mtandao unapokatika utangazwe mapema. Na mwenye mzigo aweze kujua hati yake imefikia meza ya nani, bila kutegemea neno la wakala peke yake.

Msimu wa pamba haumngoji mwenye mhuri.