Jina la Mzee Kalunde

UPEPO WA ZIWA
Na Rehema Bilali

Novemba 1987, katika milima ya Mahale, sokwe mtu jike aitwaye Chausiku aliugua. Alikuwa mnyonge, muda mwingi amelala. Akavunja tawi la mjonso, akalimenya, akatafuna kiini chake na kufyonza maji machungu. Kesho yake nguvu zilimrudia. Waliomfuatilia walikuwa wawili: Michael Huffman, Mmarekani wa Chuo Kikuu cha Kyoto, na Mohamedi Seifu Kalunde, askari wa wanyamapori na mganga wa Kitongwe, mwenyeji wa Mahale. Kalunde ndiye aliyemweleza mwenzake kwamba mti ule ni dawa ya Watongwe, ya malaria na ya tumbo.

Makala yao ilitoka mwaka 1989 katika jarida la Primates, na waandishi wake ni Huffman na Seifu, yaani Kalunde. Mzee hakusukumwa kwenye aya ya shukrani. Alitajwa kama mwenye elimu, na ndivyo alivyokuwa.

Nalikumbusha hili kwa sababu mkoa wetu wa Kigoma umechunguzwa mno na watafiti wa sokwe: Gombe tangu alipofika Jane Goodall mwaka 1960, Mahale tangu Toshisada Nishida mwaka 1965. Mei 1975, waasi kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika walipowateka wanafunzi wanne pale Gombe, vijana wetu, kina Hilali Matama, ndio walioendelea kuwafuata sokwe na kujaza madaftari. Na Mahale ilipotangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1985, Watongwe walikwisha kuhamishwa. Waliotoa elimu ya mjonso hawaruhusiwi leo kuuchuma mle. Hilo linaniuma.

Kalunde alipata haki yake kwa uungwana wa mtafiti mmoja. Wa kesho je? Akija mwingine kuuliza dawa, au kumuuliza mvuvi wa Kibirizi samaki aina ya migebuka huzaliana wapi, nani atamlazimisha kuwataja waliomfundisha?

Nasema kijiji chenyewe. Mtafiti huja na kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, hupita mkoani na wilayani, lakini mwisho wa safari ni meza ya ofisi ya kijiji, penye muhuri. Viongozi wetu wa vijiji, msiugonge kwa haraka. Iteni mkutano wa kijiji kwanza. Yaandikwe majina ya watakaofundisha, mgawo wao iwapo dawa itauzwa, na tarehe ambayo mtafiti atarudi kusoma matokeo yake kwa Kiswahili, mbele ya waliomjibu. Asiyekubali, arudi na barua yake.